Anwani Anayoijua Mgeni: Historia ya DMA hadi Vishikwambi vya Simiyu

Machi 2012 Tanzania ilipata mikoa minne mipya: Simiyu, Geita, Katavi na Njombe. Bariadi, Maswa na Meatu zikamegwa kutoka Shinyanga, Busega ikatoka upande wa Mwanza, na Itilima ikazaliwa na Bariadi yenyewe, ambayo ndiyo ikawa makao makuu ya Simiyu. Nyumba iliyokuwa Nyakabindi haikusogea hata hatua moja. Hata hivyo, barua iliyozoea kuandikwa Mkoa wa Shinyanga ikaanza kuandikwa Mkoa wa Simiyu, na aliyeshikilia mazoea akawa anaelekeza watu kusikokuwapo tena.

Mwezi huohuo, tarehe 18, Linus Torvalds alitoa toleo la 3.3 la kerneli ya Linux, yaani ule moyo wa mfumo unaogawa memori na kuendesha vifaa. Ndani ya toleo hilo mlianza kurudishwa kazi za Android zilizokuwa zimekaa kando kwa miaka, na mlikuwa na kitu kipya kiitwacho dma-buf, kilichoandikwa na Sumit Semwal. Kazi yake ni kuviwezesha vifaa kadhaa ndani ya mashine moja, kama kamera, kichakataji cha picha na kioo, kutumia kipande kimoja cha memori, kila kimoja kwa anwani yake. Mwaka 2022 makarani wa sensa walipozunguka Simiyu na vishikwambi mikononi, kila jibu walilogusa kwenye kioo lilipita katika kazi ya namna hiyo.

Mtu wa Bariadi anaielewa shida hii bila kusoma kompyuta. Mwenyeji humwambia mwenzake "nenda kwa mzee Masanja, ukishapita mbuyu", na maelezo hayo yanatosha. Mgeni aliyetoka Dar es Salaam na mzigo hawezi kuyatumia. Anataka jina la barabara, namba ya nyumba na postikodi, ambayo kwa Simiyu huanza na 39. Nyumba ni moja, anwani ni mbili, na ukimpa mgeni anwani ya mwenyeji mzigo utashushwa kwa mtu mwingine. Ndani ya kompyuta mwenyeji ni prosesa na programu zake, na mgeni ni kifaa: diski, kadi ya mtandao, kamera. Kifaa kinapoingia memori na kuweka data bila kumpitishia prosesa kila neno, mafundi huiita kazi hiyo DMA, kufikia memori moja kwa moja. Draiva, programu ndogo ndani ya kerneli inayosimamia kifaa, ndiyo inayopaswa kujua anwani gani apewe mgeni.

Mwanzoni swali hilo halikuwapo. Katika miaka ya 1950 Marekani iliogopa ndege za mabomu za Kisovieti, ikajenga mfumo wa ulinzi wa anga ulioitwa SAGE. Mashine zake, AN/FSQ-7, zilitengenezwa na IBM kutokana na kazi ya chuo cha MIT, na kituo cha kwanza kilianza kazi mwaka 1958. Habari za rada ziliingia kwa nyaya za simu, zikajikusanya kwenye ngoma za sumaku, na zilikuwa nyingi mno kwa programu kuzichota moja moja. Wahandisi wakabuni mapumziko. Neno likiwa tayari kwenye ngoma, mashine iliiba mzunguko mmoja wa memori, mikrosekunde 6, neno likaingia, na kihesabio cha anwani kikapanda kwa moja. Programu haikujua lolote, iliendelea ilipoachia. Memori ilikuwa moja na namba za nafasi zake zilikuwa zilezile kwa kila aliyezisoma. Mwenyeji na mgeni walitumia anwani moja.

IBM ikaipeleka fikra hiyo sokoni kwa mashine yake ya 709, iliyofika kwa wateja mwaka 1958 ikiwa na njia za data zinazofanya kazi pembeni ya prosesa. Mwaka 1965 kampuni ya Digital ikatoa PDP-8, kompyuta ndogo kwa vipimo vya wakati ule, na humo kifaa chenyewe kiliweza kutoa anwani ya memori kinapotaka kuweka au kuchukua neno.

Mwaka huohuo wa 1965 kompyuta ya kwanza ya Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam. Ilikuwa ICT 1500, mashine iliyouzwa na kampuni ya Kiingereza lakini kwa asili ni RCA 301 ya Wamarekani. Ilikusudiwa kushughulikia hesabu za serikali. Mambo hayakwenda vizuri: hesabu ziliharibika kiasi kwamba kazi ililazimika kurudishwa kwenye vitabu na kalamu, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini isipokuwa kwa kibali maalumu. Kwa maoni yangu serikali ilikuwa na haki ya kukasirika, ila adhabu iliwaangukia wasiohusika. Wakati mlango wetu umefungwa, nje kompyuta zilishuka kutoka ukubwa wa chumba hadi ukubwa wa meza. Kijana wa Shinyanga aliyezaliwa mwaka wa marufuku alikuwa mtu mzima kabla hajaiona moja.

Mashine iliyotufikia mlango ulipolegezwa ilikuwa mjukuu wa IBM PC ya Agosti 1981. Hapa ndipo shida ya anwani ilipoota meno. Waundaji wa PC walitumia chipu ya Intel iitwayo 8237 kufanya DMA, na chipu hiyo ilijua anwani za biti 16 tu, maana yake KB 64. Prosesa ya PC iliona MB 1. Ili kuziba pengo, wahandisi waliongeza rejesta ndogo pembeni ya kushika biti nne za juu, iliyoitwa rejesta ya ukurasa. Ulikuwa uamuzi wa kubana matumizi, na ulileta balaa lake. Kihesabio cha 8237 kilipofika mwisho wa KB 64 kilirudi sifuri, huku rejesta ya ukurasa ikibaki ilipo. Data iliyopaswa kuvuka kwenda ukurasa unaofuata iligeuka na kuandikwa mwanzoni mwa ukurasa uleule, juu ya kitu kingine. Hakuna onyo lililotolewa. Mwandishi wa draiva ilimbidi ahesabu mwenyewe kama bafa yake, yaani kipande cha memori alichokitenga kwa data, inavuka mpaka, na kama inavuka atafute nafasi nyingine.

Kila aliyehifadhi barua kwenye disketi katika ofisi za Tanzania za miaka ya 1990 alitumia njia namba 2 ya chipu hiyo au ya mrithi wake. Njia namba 0 katika PC ya kwanza ilikuwa na kazi ya kuihuisha memori isipoteze yaliyomo. PC AT ya mwaka 1984 ilipanua anwani hadi biti 24, yaani MB 16, na watu wakaona hiyo ni nafasi isiyojaa. Mpaka huo wa MB 16 bado una jina lake katika kerneli ya Linux, ZONE_DMA, kama jiwe la mpaka wa shamba ambalo warithi hawajathubutu kuling'oa.

Torvalds alipoanza kuandika Linux mwaka 1991 alikuwa na PC moja yenye prosesa ya 386. Kerneli yake ilikuja kukaa juu ya GB 3 katika ramani ya anwani, na memori halisi ilianza sifuri. Kwa hiyo anwani ya mwenyeji ukitoa 0xC0000000 ilikupa anwani halisi, na katika PC anwani halisi ndiyo kifaa ilichoiona. Draiva za wakati huo zilitoa na kujumlisha tu. Kulikuwa na kazi ndogo iitwayo virt_to_bus iliyofanya hesabu hiyo kwa mstari mmoja, na waandishi wengi hawakuona sababu ya hata kuitumia.

Kisha Linux ikahama nyumbani. Toleo la 1.2 la Machi 1995 lilikwenda pia kwenye Alpha, SPARC na MIPS, na baadaye ikafika kwenye PowerPC. Katika PowerPC za aina ya PReP, memori ambayo prosesa iliiita sifuri, kadi iliyochomekwa kwenye njia ya data ya PCI iliiona kwenye 0x80000000. Draiva iliyozoea hesabu ya PC iliipa kadi namba isiyo yake, na kadi ikaandika ilikoelekezwa. Torvalds aliandika maelezo marefu, yaliyowekwa baadaye katika nyaraka za kerneli, akitenganisha anwani tatu: anayoiona programu ndani ya kerneli, ile halisi ya memori, na ile ya njia ya data inayoonwa na kifaa. Msisitizo wake ulikuwa kwamba watu wa PC walizichanganya kwa sababu tu zilitokea kufanana.

Maelezo hayo yalikuwa sahihi lakini yalidumu muda mfupi, kwa sababu mashine za Sun, zenye prosesa za SPARC, zilikuja na jambo gumu zaidi. Kati ya kadi na memori kulikuwa na chipu ya kutafsiri anwani, IOMMU. Katika mashine ya namna hiyo kipande cha memori hakina anwani yoyote upande wa kifaa mpaka mtu aombe itengenezwe. Huwezi kuikokotoa kwa kutoa wala kujumlisha, kwa kuwa haipo. Ukiiomba unapewa, na ukimaliza lazima uirudishe, maana nafasi za kutafsiri zina kikomo. David S. Miller, aliyeihamishia Linux kwenye SPARC, pamoja na Richard Henderson na Jakub Jelinek, waliandika utaratibu mpya wa kuomba na kurudisha. Uliingia katika toleo la 2.4 la Januari 2001, ukiwa wa kadi za PCI pekee. James Bottomley akaupanua ufae kwa kifaa cha aina yoyote, na toleo la 2.6 la Desemba 2003 likatoka nao.

Utaratibu huo ndio unaotumika leo, kwa hiyo inafaa kuutazama kwa karibu. Draiva kwanza hutangaza kifaa chake kinaweza kusoma anwani za biti ngapi: 24, 32, 64. Kisha kuna njia mbili. Kama memori itatumiwa na pande zote mbili kwa muda mrefu, draiva huita dma_alloc_coherent, nayo huleta majibu mawili kwa mara moja. Linalorudi kama thamani ni anwani ya prosesa. La pili huandikwa mahali draiva ilipoonyesha, na hilo ndilo la kumpa kifaa. La pili lina aina yake, dma_addr_t, ili ionekane wazi kuwa haliingiliani na la kwanza. Kama memori tayari ipo, mathalani pakiti ya mtandao inayosubiri kutumwa, draiva huita dma_map_single, hupokea anwani ya kifaa, huikagua isije ikawa ni kosa, na kazi ikiisha huiachia. Data ikiwa imetawanyika vipande vipande, kerneli hupewa orodha, na anwani ya kila kipande husomwa kwa sg_dma_address. Vipande vinaweza kurudi vichache kuliko vilivyopelekwa, kwa kuwa IOMMU inaweza kuviunganisha viwili vilivyoachana vionekane kimoja. Draiva nyingi za wanafunzi huanguka hapa: zinahesabu vipande zilivyotuma badala ya zilivyopewa.

Na kifaa kikiwa na macho mafupi, cha biti 32, ilhali data iko juu ya GB 4? Kama kuna IOMMU, itatafsiri. Kama haipo, kerneli hutumia sehemu ya akiba iliyo chini, kwa kawaida MB 64, hunakili data humo na kumpa kifaa anwani ya nakala. Seva za Intel za biti 64 za mwaka 2004 na kuendelea ziliishi kwa ujanja huo kwa muda. Ni wa polepole lakini haupotezi mzigo.

Kwa miaka kumi na zaidi baadhi ya waandishi wa draiva walidanganya kidogo. Waliweka bafa ndogo ya USB kwenye steki, yaani nafasi ya muda ambayo kila kazi ndani ya kerneli hupewa inapoendeshwa. Nyaraka zilikataza, ila ilifanya kazi, kwa kuwa steki ilikuwa kwenye memori inayofuata hesabu ileile ya kutoa. Desemba 2016 toleo la 4.9 lilileta mabadiliko ya Andy Lutomirski: steki za prosesa za x86 za biti 64 zikahamishiwa kwenye anwani za kubuniwa, ili steki ikifurika igundulike papo hapo badala ya kuharibu memori ya jirani kimyakimya. Hesabu ya kutoa ikavunjika. Vipokezi vya televisheni vya USB, ambavyo draiva zake zilikuwa na mazoea hayo kwa wingi, vikaacha kufanya kazi, na Mauro Carvalho Chehab akalazimika kuzipitia draiva hizo moja baada ya nyingine kuhamisha bafa. Sina huruma na waliokamatwa. Sheria ilikuwa imeandikwa, na aliyeivunja alikuwa akila kwa bahati ya mashine yake.

Upande mwingine wa IOMMU ni ulinzi. Mwaka 2004 Maximillian Dornseif alionyesha kuwa iPod iliyochomekwa kwenye tundu la FireWire inaweza kusoma memori yote ya kompyuta, kwa kuwa mgeni aliyepewa haki ya DMA bila mlinzi huingia chumba chochote. Intel ilileta IOMMU yake, VT-d, na Linux ikaanza kuitumia katika toleo la 2.6.24 la Januari 2008. Hata hivyo watafiti waliotangaza udhaifu uitwao Thunderclap mwaka 2019 walikuta mifumo kadhaa ikiwa na mlinzi na bado ikimwacha asinzie.

Simu na vishikwambi vilileta shida iliyokuwa imesahaulika. Kamera na kioo vya chipu nyingi za bei nafuu havikuwa na IOMMU, navyo hutaka memori ndefu isiyokatika, MB kadhaa kwa mfululizo. Memori ya mashine iliyowashwa kwa siku kadhaa huwa imekatwakatwa. Suluhisho la wahandisi wa Samsung, akiwamo Marek Szyprowski, liliingia toleo la 3.5 la Julai 2012: kerneli hutenga eneo tangu kuwaka, hulikopesha kwa programu za kawaida, na kamera inapolihitaji huwahamisha waliomo. Pamoja na dma-buf ya Machi, mwaka huo mmoja ulizipa Android za bei ya chini uwezo wa kupiga picha na kuionyesha bila kuinakili tena na tena.

Basi tuje 2022. Februari 8 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Dodoma operesheni ya anwani za makazi, na kila mkoa ukaanza kuziandika nyumba zake. Katika Simiyu, kama kwingineko, waandikishaji walipita mitaa na vijiji wakiingiza namba na majina ya barabara kwenye programu ya NaPA iliyo katika simu. Usiku wa kuamkia Agosti 23 ukawa wa sensa ya watu na makazi, ya kwanza nchini kukusanya majibu kwa vishikwambi. Mkoa uliohesabiwa watu 1,584,157 mwaka 2012 ulikutwa na watu 2,140,497.

Fuatilia jibu moja la karani aliye Dutwa. Anagusa kioo, programu inachora herufi ndani ya bafa, kichakataji cha picha kinaiandika bafa hiyo kwa anwani yake, na kidhibiti cha kioo kinaisoma bafa ileile, kwa kawaida mara 60 kwa sekunde, kwa anwani nyingine. Akihifadhi dodoso, kidhibiti cha hifadhi hupewa jedwali fupi lililo kwenye memori: kila mstari una anwani na urefu. Kinalipitia jedwali chenyewe, kinachota data, kisha kinampigia prosesa ishara kwamba imekwisha. Kosa la anwani moja katika jedwali lile lingeandika kaya ya mtu mwingine, au takataka. Halikutokea kwa sababu draiva iliomba anwani kwa utaratibu, wala haikuibuni.

Karibu wiki sita baada ya sensa, Oktoba 2, 2022, toleo la 6.0 la kerneli lilitoka. Arnd Bergmann alikuwa amemaliza kuziondoa draiva za mwisho zilizotegemea virt_to_bus katika kerneli ya pamoja, na hesabu ile ya mstari mmoja ikaachwa kwa usanifu mmoja mmoja wa kizamani. Vishikwambi vya sensa navyo viligawiwa walimu.

Kijana wa Bariadi, Maswa au Lagangabilili mwenye kompyuta yoyote ya Linux anaweza kuanza leo. Fungua /proc/iomem ukiwa na mamlaka ya msimamizi, kwa kuwa bila mamlaka hayo utaona sifuri tupu, ulinganishe na kile draiva inachoandika. Kisha soma nyaraka za DMA zilizo ndani ya kerneli yenyewe, hazina malipo. Zimo tafsiri za nyaraka za kerneli kwa Kichina, Kiitaliano, Kijapani, Kikorea na Kihispania. Kiswahili bado hakimo, na anayeitaka kazi hiyo haombi kibali kwa mtu: anaandika, anatuma.